Utepe wa Fundi Kesho

Fundi alirudi kutoka mkutano wa wazazi akiwa na daftari kwapani na uso wa mtu aliyegundua dawa. Mkewe, aliyekuwa ametoka zamu kwenye kiwanda cha mikate na bado ana unga kwenye nyusi, alimtazama mara moja tu akajua kwamba jioni hiyo hakutakuwa na kupumzika.

"Wameongeza michango?" aliuliza.

"Michango gani? Leo tumefundishwa malezi. Kaeni wote. Hata wewe, Kishindo, shuka hapo dirishani."

Kishindo, mwenye miaka sita, alishuka kwa namna ile ile iliyompatia jina: kwanza miguu, kisha kiti, kisha sufuria iliyokuwa juu ya kiti. Dada yake, mwenye miaka kumi, alikuwa amekwisha kukaa, kalamu sikioni. Huyo nyumba nzima ilimwita Karani, kwa kuwa hakuna lililosemwa mbele yake likapotea. Aliandika nani kavunja kikombe, nani kasema hakukivunja, na saa ngapi.

"Katika nyumba hii," fundi alianza, amesimama kama mgombea wa udiwani, "ahadi zimekuwa kama makombo. Zinadondoka, zinafagiliwa, basi. Karani alisema ataosha vyombo kabla jua halijazama. Vikalala vichafu. Kishindo akasema hatagusa tena mkasi wangu. Paka tumemwona wote."

Wote walimgeukia paka, ambaye sharubu za upande mmoja zilikuwa fupi kuliko za upande wa pili.

"Sasa mwalimu wa malezi anasema hivi: fimbo haimfundishi mtoto kutimiza ahadi, inamfundisha kukimbia tu. Mtoto anazoezwa kidogo kidogo, kama mimi nilivyouzoeza mguu huu kukanyaga cherehani." Akafungua daftari. "Kanuni ya kwanza: ahadi iwe ndogo, mtoto aiweze. Ya pili: iwe na siku na saa, isemwe mbele ya watu. Ya tatu: ikitimizwa, sifa na zawadi zije hapo hapo, zisingoje sikukuu."

Karani alikuwa amesogea, shingo imerefuka. "Baba, hapo chini umeandika 'Ya nne', halafu hakuna kitu."

Fundi akafunga daftari. "Ya nne niliitwa nje kidogo."

Hakusema nani alimwita. Alikuwa mpiga picha, mwenye studio karibu na posta, ambaye suruali yake ya kijivu ilikuwa imening'inia kwenye msumari wa kibanda cha fundi kwa wiki tano. Alikuwa ameingiza kichwa dirishani katikati ya mkutano, mbele ya wazazi wote na mwalimu mkuu, akauliza kwa sauti: "Fundi Kesho! Hivi leo ndiyo kesho ipi?" Wazazi walicheka mpaka mwalimu wa malezi akaomba utulivu. Fundi alitoka nje, akamshika mpiga picha mkono kwa upole, akamwambia bila kupepesa macho: "Kesho, bwana. Kesho bila wasiwasi."

Alipomaliza hayo na kurudi ndani, kanuni ya nne ilikuwa imeshafutwa ubaoni.

*

Kwa vile hakuna fundi asiyependa kuonyesha ufundi wake, mafunzo hayo hayakuandikwa kwenye karatasi ya ukutani kama wazazi walivyoelekezwa. Fundi alikata tepe mbili za kitambaa cheusi, ndefu kama mkono, akazipigilia misumari ukutani juu ya meza ya kulia chakula. Kisha akaleta mfuko wa vifungo vya manjano, vya matundu manne, vinavyong'aa kama yai lililokaangwa vizuri. Vilikuwa dukani miaka mingi. Alivinunua siku moja kwa kuvipenda tu, na tangu hapo hakupata mteja wa kuvivaa.

"Ahadi moja ikitimizwa, kifungo kimoja," alieleza. "Mwenyewe anakishona kwenye utepe wake, sisi wote tunatazama na kupiga makofi. Akivunja, anakifumua mwenyewe. Hakuna kofi, hakuna matusi. Na atakayevunja, jioni ile anakalia kigoda."

Kigoda kilikuwa kifupi mno. Aliyekikalia mezani kidevu chake kilifika usawa wa sahani.

Mkewe alikuwa anaondoa unga kwenye nyusi kwa ncha ya kanga. "Na makofi tunapiga kila siku?"

"Kila siku, mama watoto. Hapo hapo."

"Haya. Mikono yangu imezoea kukanda."

Kishindo ndiye aliyetangulia. Alisimama juu ya kiti akanyoosha mkono. "Mimi naahidi sitapiga kelele tena maisha yangu yote!"

"Kubwa mno hiyo," baba yake alisema. "Punguza."

"Sitapiga kelele mpaka nimalize shule!"

"Punguza, mwanangu."

"Mpaka Jumapili?"

"Mpaka sahani ziondolewe mezani."

Kishindo akafikiri. Mashavu yake yalijaa hewa, akakaa hivyo, mekundu, macho yamemtoka, mpaka mama yake akaanza kuondoa sahani ambazo bado zina chakula ili mtoto asipasuke. Makofi yalipigwa. Kifungo cha kwanza kilishonwa kwa mishono kumi na saba, mmoja wao ukiwa umepitia kwenye mkono wa shati lake.

Nami nasema hivi, kwa kuwa jambo lenyewe lilionekana kwa macho: mazoezi yale yalifanya kazi. Siku ya tatu vyombo vilikuwa vimeoshwa jua bado liko juu. Siku ya tano Kishindo aliingiza viatu vyake ndani kabla ya saa kumi na mbili bila kuambiwa. Siku ya sita aliahidi kumwachia paka mkia wake mpaka jioni, akashindwa saa nne asubuhi. Alifumua kifungo chake mwenyewe, machozi yakidondokea sindano, akakalia kigoda akala kimya. Hakuna aliyemsema. Kesho yake aliahidi jambo lile lile, lakini kwa nusu siku, akaliweza.

"Tazama," fundi alimnong'oneza mkewe, kifua mbele. "Hilo ndilo linaitwa zoezi. Wiki mbili tu na watoto wameshika neno."

"Nimeona," mkewe akajibu. "Wewe umeshika lipi?"

*

Kila mchana baada ya shule Karani alipitia kibandani kwa baba yake kufanya kazi za masomo kwenye meza ya kukatia. Siku moja ya Jumatatu, alikuwa kwenye hesabu za sehemu, mpiga picha akaingia.

"Shikamoo," Karani akamwamkia.

"Marahaba, binti. Baba yako yupo, au naye yupo kesho?"

"Karibu, karibu, ndugu yangu!" Fundi aliinuka, mikono wazi. "Suruali yako ndiyo nilikuwa nataka kuiweka mashineni sasa hivi."

"Sasa hivi ya lini?"

"Kesho. Asubuhi na mapema. Bila wasiwasi."

Mpiga picha aliitazama suruali yake pale msumarini, yenye vumbi kiunoni, akatikisa kichwa, akaenda. Fundi alikaa akaendelea na gauni la mtu mwingine, ambaye naye jana alikuwa ameambiwa kesho.

Karani alichomoa kalamu sikioni, akaandika.

Jioni ya siku iliyofuata, fundi alipoingia nyumbani, alikuta tepe tatu ukutani badala ya mbili. Wa tatu ulikuwa mfupi, umekatwa kwa mkasi wa kukatia makaratasi, na juu yake pamebandikwa kipande kilichoandikwa BABA.

"Nani kafanya hivi?"

"Nimemuuliza mwalimu wa malezi kanuni ya nne," Karani alisema. Alikuwa amesimama wima kama anayesoma risala, mikono nyuma. "Amesema: mzazi aanze yeye. Mtoto hufuata anachokiona, si anachoambiwa. Amesema tuwaambie wazazi waliotoka nje."

Mkewe aligeukia jiko upesi. Mabega yalikuwa yanamcheza kwa kicheko.

"Ile ni kazi," fundi akasema. "Kazi ina lugha yake. Kila fundi anasema kesho. Ukimwambia mteja siku ya kweli, anavuka barabara kwa fundi mwenzangu Sindano, naye anamwambia leo jioni."

"Suruali imetoka?" Karani akauliza.

"Haijatoka."

"Ulisema kesho, asubuhi na mapema, mbele yangu. Ilikuwa na siku na ilikuwa na saa."

Kishindo alimtazama baba yake, akatazama utepe, kisha bila kishindo chochote akaenda kona ya chumba, akainua kigoda kwa mikono miwili, akakileta mezani. Akakipangusa vumbi kwa kiganja. Ilikuwa heshima ya mtu anayekijua kigoda.

Fundi angeweza kukataa. Yeye ndiye mwenye nyumba, na kiti chake cha mikono kilikuwa pale pale kinamngoja. Lakini aliutazama utepe wa Kishindo, pale kifungo kilipokuwa kimefumuliwa na kuacha vitundu vinne vidogo, akakumbuka jinsi mtoto yule alivyofumua mwenyewe bila kulazimishwa. Akakaa. Magoti yake yalifika masikioni.

Na kwa bahati yake, ndipo mlango ulipobishwa hodi. Mpiga picha alikuwa ameamua kumfuata nyumbani. Aliingia, akamwona fundi yuko chini, kidevu usawa wa mchuzi, watoto wako juu.

"Huyu mbona mmemweka huku?"

"Ameadhibiwa," Kishindo alisema. "Kwa ajili ya suruali yako."

Kwa wiki saba mpiga picha alikuwa amekusanya maneno makali ya kumwambia fundi, na yote yaliyeyuka.

"Fundi," alisema mwishowe, "niambie ukweli. Lini?"

Fundi alihesabu moyoni: gauni, mapazia ya yule nesi, zipu mbili. "Alhamisi," alisema kutoka kule chini. "Alhamisi saa nne."

"Hukusema kesho."

"Kesho sitaweza."

Alhamisi saa nne kasorobo suruali ilikuwa imepigwa pasi, imekunjwa, imewekwa juu ya meza. Saa nne ikafika. Saa tano. Fundi alitoka nje mara tatu kuchungulia barabara. Mpiga picha alitokea saa tisa, anatembea taratibu.

"Umechelewa!" fundi alimfokea, nusura amrushie futi ya kupimia. "Tulisema saa nne!"

"Sasa ningejuaje? Ukisema saa nne mimi nahesabu wiki ijayo."

Kifungo cha kwanza cha fundi kilishonwa jioni ile. Alikishona kwa mshono wa msalaba, akazungushia uzi shinani, akakata kwa meno. Makofi ya familia yake, watu watatu tu, yalimfanya aone haya usoni kama bwana harusi. Alikaa kwenye kiti chake cha mikono akakitazama kile kifungo kimoja mpaka chai ikapoa.

*

Wiki iliyofuata, siku ya Jumanne, mwalimu mkuu aliingia kibandani. Alikuwa mama mrefu asiyependa kukaa, na Karani, aliyekuwa kwenye meza ya kukatia, aliruka akasimama.

"Keti, binti. Fundi, nataka mashati thelathini ya bendi ya shule. Sherehe ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kitambaa ninacho. Na nitasema wazi: atakayenishonea haya vizuri na kwa wakati ndiye nitakayempa sare za shule nzima mwaka ujao. Watoto mia tatu."

Mkanyagio wa cherehani ulisimama. Sare za watoto mia tatu! Kwa fundi mwenye mashine moja na paa linalovuja juu ya hiyo mashine, hiyo ilikuwa kazi ya mwaka. Ilikuwa mashine ya pili. Ilikuwa mkewe kuacha zamu ya alfajiri, ile inayomtoa kitandani majogoo hayajawika.

Mwalimu mkuu alichukua kifungo cha manjano kilichokuwa mezani, akakigeuza kwenye mwanga. "Na hivi ndivyo nataka. Vitaonekana hata kutoka nyuma ya uwanja. Unavyo?"

"Ninavyo, mwalimu. Mfuko mzima. Umeandikwa mia moja na themanini." Akapiga hesabu, akatabasamu. "Mashati thelathini, vifungo sita kila moja. Kama vile mfuko huu ulizaliwa kwa kazi yako."

"Vizuri. Lini?"

Neno lilikuwa tayari ulimini mwake. Lilikuwa limekaa pale miaka ishirini, laini, lisilo na uzito. Alilisikia linajongea. Kisha akamsikia Karani nyuma yake anageuza ukurasa.

"Ijumaa ya wiki ijayo," alisema. "Saa nane mchana."

"Siku moja kabla ya sherehe?" Nyusi za mwalimu mkuu zilipanda. "Nimetoka kwa Sindano sasa hivi. Ameniambia Jumatano, tena ya wiki hii."

"Wiki hii?" Fundi alipapasa shingo. "Mwalimu, mimi nina mashine moja. Kukata siku mbili. Kola peke yake... Ijumaa saa nane. Mapema zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

Alijisikia kama mtu aliyefungua dirisha akatupa mkate nje.

"Mwaka juzi nilikuletea koti langu," mwalimu mkuu alisema. "Uliniambia kesho mara tisa. Nilihesabu. Leo ndiyo mara ya kwanza nakusikia unataja saa." Akaweka mzigo wa kitambaa juu ya meza. "Ijumaa saa nane. Ikigonga nane na dakika moja, sare zinavuka barabara."

Alipoondoka, fundi aliketi. "Karani."

"Naam, baba."

"Ungegeuza ule ukurasa polepole zaidi, ningetoa roho."

*

Siku kumi zile nyumba ililala na kuamka mashati. Mkewe alitoka kiwandani akaja moja kwa moja kibandani kutoboa na kuzungushia uzi matundu ya vifungo, mikono yake inanukia hamira. Karani alikata nyuzi zilizoning'inia. Kishindo alipewa kazi ya kuokota pini zilizodondoka kwa sumaku, akaahidi kuokota ishirini kila siku. Siku alizokosa ishirini alimwomba baba yake adondoshe nyingine.

Kila mteja aliyekuja aliambiwa siku ya kweli. Wawili walinuna wakavuka barabara. Wa tatu alisema, "Afadhali. Basi nitasafiri kwanza, nirudi," akaacha kitambaa.

Ijumaa saa sita mchana mashati thelathini yalikuwa kwenye kamba, yamepigwa pasi, ukosi juu, safu moja. Fundi alikuwa anashona vifungo, anapiga mluzi. Alitia mkono kwenye mfuko. Akatia tena. Akaugeuza mfuko nje ndani, akaukung'uta.

Mluzi ulikatika.

Shati la ishirini na saba lilikuwa na vifungo vinne. Matatu baada yake hayakuwa na hata kimoja.

"Haiwezekani. Mia moja na themanini, imeandikwa hapa!" Aliisoma ile namba mara ya tatu kana kwamba ingeona haya. Kisha akahesabu vilivyopungua: ishirini. Ishirini... Na polepole, kama maji yanavyopanda kwenye pindo la suruali, jibu likampanda. Akauona ukuta wa nyumbani kwake, juu ya meza ya kulia.

Alikimbia kwanza kwa muuza vifungo. Alipofika, pumzi zikimtoka puani na mdomoni, muuza vifungo alicheka.

"Vya manjano? Vile vya matundu manne? Fundi, hivyo uliponunua vilikuwa vya mwisho, na nilifurahi kuviona vinaondoka. Nina vyeupe, nina vyeusi."

"Lazima vifanane."

"Basi ungoje bahati."

Alifika nyumbani saa sita na nusu, watoto wamerudi kula. Mkewe alimwona mlangoni akaweka mwiko chini.

"Nini?"

Alieleza kwa maneno machache. Macho yote yalipanda ukutani. Utepe wa Karani: vifungo kumi na vitatu, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Utepe wa Kishindo: sita, kila kimoja kimeegemea upande wake. Utepe wa BABA: kimoja.

Kumi na vitatu, na sita, na kimoja.

Fundi alichukua mkasi mdogo, akasogea ukutani. Karani alikuwa ameshasimama mbele ya utepe wake.

"Hapana, baba."

"Mwanangu, saa nane..."

"Kufumua ni kwa aliyevunja. Mimi sijavunja hata kimoja. Hiki ni cha vyombo. Hiki ni cha siku ile ya mvua nilipomfuata Kishindo shuleni. Hiki ni..." Aliufunika utepe kwa viganja. "Ukivifumua, itakuwa kama sikufanya."

Baba mwingine angemsogeza kwa mkono. Sare za mia tatu zilikuwa zinapita dirishani, na yeye alikuwa na nguvu za kutosha kumwinua mtoto wa miaka kumi. Fundi alishusha mkasi. Akavuta kigoda, akakikalia, macho yake yakawa usawa wa macho ya binti yake.

"Kweli. Ni vyako," alisema. "Sivifumui. Naomba univumilie, unikopeshe."

Karani alifuta pua. Kwa mazoea kalamu ikatoka sikioni. "Utarudisha lini?"

"Kes..." Fundi aliuma ulimi. Mkewe alifumba macho. "Sikiliza. Hivi vyenyewe sitavirudisha. Vitakuwa kwenye mashati ya watu, na duniani havipo tena. Nikikuambia nitavirudisha nitakuwa nimekudanganya. Nitakupa vyeupe, kimoja kwa kimoja. Jumatatu, saa kumi na moja jioni. Nitavishona mwenyewe pale pale vilipokuwa, na wewe utaniambia kila kimoja kilikuwa cha nini, nami nitasikiliza vyote kumi na vitatu."

"Vyote?"

"Mpaka cha mwisho."

"Na makofi?"

"Na makofi upya."

Karani aliandika. Aliandika taratibu mno kwa nyumba iliyokuwa na saa moja na robo, lakini hakuna aliyethubutu kumharakisha.

"Dada, hivi vyangu vitavaliwa na nani?" Kishindo aliuliza ghafla.

"Na watu wa bendi."

"Na yule wa ngoma kubwa?"

Fundi alifikiri. "Shati la thelathini ni la yule wa ngoma kubwa. Ndilo pana kuliko yote."

"Basi chukua! Chukua vyote! Weka vyangu vyote kwa ngoma kubwa!" Akapanda kiti, akaanza kuvuta vifungo kwa meno.

Karani aliuchukua mkasi mkononi mwa baba yake. "Nitafumua mwenyewe," alisema. "Wewe unakata uzi vibaya ukiwa na haraka."

Cha fundi kilitoka mwisho. Alikuwa amekishona kwa nguvu sana.

Walirudi kibandani mbio, wanne, mama watoto akiwa na sindano nne zilizokwisha kutiwa uzi, zimechomwa kifuani kwenye gauni kama nishani. Mpiga picha alikuwa anapita, akaona mbio hizo, akaingia kuuliza kuna nini. Akapewa shati akae alishike. Saa saba na dakika hamsini kifungo cha mwisho kilikazwa. Saa nane kasoro dakika tatu fundi alikuwa amesimama mbele ya meza ya mwalimu mkuu, mashati thelathini mikononi, jasho linadondoka kwenye sakafu yake iliyopigwa deki.

Mwalimu mkuu aliitazama saa ya ukutani. Akaitazama ya mkononi. Akayahesabu mashati moja moja, akavuta kila kifungo. Alipofika shati la thelathini akasimama.

"Hiki kina alama ya meno."

"Ndiyo, mwalimu," fundi alisema. "Nitakueleza siku nyingine."

Akalisikia neno lake mwenyewe. Akaongeza: "Jumatatu. Ukipita."

*

Jumamosi bendi ilipita uwanjani, vifungo vinawaka, na Kishindo alipiga kelele zote alizokuwa ameziweka akiba tangu mafunzo yaanze. "Hivyo vyangu! Mwenye ngoma! Hivyo tumboni vyote vyangu!" Mama yake hakumzuia. Sahani hazikuwepo. Karani hakupiga kelele. Alihesabu mashati yakipita, midomo inacheza, na yalipofika yale matatu aliyoyajua, alinyoosha mgongo.

Jumatatu saa kumi na moja kasoro dakika tano, fundi aliingia nyumbani na vifungo vyeupe ishirini kwenye bahasha. Karani alikuwa amekwisha kukaa chini ya ukuta. Hadithi zilisimuliwa moja baada ya nyingine, cha vyombo, cha mvua, cha kumsomea bibi wa jirani barua, na fundi akashona huku akiitikia. Walikuwa kwenye cha kumi na moja mlango ulipobishwa hodi.

Alikuwa mwalimu mkuu, na nyuma yake mpiga picha mwenye picha kubwa ya bendi. Mwalimu mkuu alizitazama zile tepe. Akakitazama kifungo kimoja cheupe chini ya neno BABA. Hakuuliza kitu; labda mwalimu wa malezi alikuwa amekwisha kumwambia.

"Sare mia tatu," alisema. "Ni zako. Niambie tu lini."

Mkewe aliacha kukoroga. Kishindo aliziba mdomo wake mwenyewe. Karani alishika kalamu, hakuandika, akasubiri.

Fundi alichoma sindano kwenye kifua cha shati lake. Kisha akainuka.

"Ngoja kwanza, mwalimu," alisema. "Nikahesabu vifungo."